Marehemu Aliyejibu

Jamani, leo nimejiumbua mwenyewe, na ushahidi uko kwenye kanda.

Mnajua kundi letu la maigizo hapa Ifakara linarekodi filamu yake ya kwanza. Ilibaki picha moja tu, ya msiba, na mwenye kamera alitakiwa kuondoka saa sita kwenda kurekodi harusi Kiberege. Kazi yenyewe ndogo: alihitajika maiti.

Maneno, mmoja wa vijana ninaowafundisha kuigiza, akakataa. "Mimi ndiye steringi, Mwalimu. Steringi hafi."

Nikamgeukia mwenzake, Festo.

"Nani kakwambia steringi ni Maneno?" akasema. "Mimi pia sifi."

Wakabishana hadi saa tano na nusu. (Wote wawili wamevaa miwani ya jua. Msibani.)

Nikawaeleza taratibu, kama ilivyo kawaida yangu. "Wadogo zangu, mnajitahidi sana. Ila mwigizaji mzuri hachagui nafasi. Ukiweza kulala kimya ukajisahau, umefuzu. Tazameni."

Nikajilaza jamvini, nikafunikwa shuka.

Ili msiba ufanane na wa kweli, nikamwomba Mama Zuhura, mtani wa ukoo wetu, anitanie kama watani wanavyomtania marehemu. "Usinionee huruma," nikasisitiza. (Mtani haambiwi hivyo.)

Kamera ikawashwa. Waombolezaji wakalia vizuri kabisa. Mama Zuhura akaja kusimama karibu na kichwa changu.

"Haya, umelala. Angalau leo umeigiza vizuri. Kule Kidatu ulicheza mfalme, watu wakauliza, huyu mpishi anatafuta nini ikulu?"

Nikauma meno.

"Ukasahau maneno yako, ukajifanya unakohoa. Watu wakakuletea maji."

Waombolezaji wakaanza kucheka. Kicheko cha Festo nilikitambua. Hapo nikakaa wima, shuka begani.

"Mama Zuhura, kikohozi kile kilikuwa cha kweli. Na Kidatu watu walisimama kunipigia makofi."

"Walisimama kuondoka, baba. Lala."

Sikulala. Nikaendelea kumweleza, kwa mifano, mpaka nikasikia zipu ya begi. Mwenye kamera alikuwa anafungasha. Saa sita imefika, na kilichorekodiwa ni marehemu anayebishana na mtani wake.

Maneno akanishika mkono kuniinua. "Basi nitakufa mimi, Mwalimu," akasema kwa upole. "Wewe huwezi."

Kamera inarudi Jumatatu. Mimi nimepangwa kubeba jeneza, na nimekubali bila kinyongo. Nimeuliza tu, wabebaji wa mbele ndio wanaoonekana zaidi, au wa nyuma?