Taa za Mfano kwa Jicho la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 7 Desemba

Mimi ni mtu wa bahati. Naandika bila haya, maana hapa hakuna wa kunikatiza. Wanaume wengine hupewa mama mkwe wa kuwahesabia vijiko. Mimi nimepewa anayenipenda kuliko mkwe wake mwingine! Wakwe tuko wawili tu. Mimi, kinyozi mwenye jina lake mjini, na mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Anauza magodoro. Mtu wa maneno machache, kama magodoro yenyewe.

Mama tunaishi naye, au tuseme yeye ndiye anaishi nasi, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu mumewe. Ana mtoto wa jicho. Miaka sasa anaona ukungu mtupu. Alhamisi anapasuliwa jicho la kulia, Ijumaa anafunguliwa bandeji.

Jana mezani mwanyumba akasema amekodi mafundi wa kutundika taa za sikukuu dukani kwake. Mafundi hasa, wenye gari lao na ngazi zao. Mama akashusha pumzi, akasema laiti na yeye angeziona.

Nikasimama. Hakuna aliyeniomba. Nikatangaza kwamba Mama akirudi na jicho lake jipya, kitu cha kwanza atakachokiona ni nyumba yake mwenyewe inawaka, kazi ya mafundi, gharama yangu! Wakapiga makofi. Mama akanishika mkono, akasema basi amepata sababu ya kutoiogopa ile meza ya upasuaji. Kumbe alikuwa anaogopa. Hakutuambia.

Mke wangu hakupiga makofi. Aliniangalia kama mtu anavyoangalia maziwa yaliyo karibu kuumuka.

Jumanne, tarehe 8 Desemba

Nimempigia fundi wa taa. Amekuja mwanamke mrefu, ngazi begani kama mtu aliyebeba mwavuli. Nimembatiza Mama Ngazi. Akamwongoza Mama kwa mkono mpaka kitini, kisha akapima ukingo wa paa. Akagonga mbao. Akauliza umeme unaingilia wapi. Nikamwambia nina nyumba nyingi na hii ndiyo ndogo.

Akanitajia bei. Nikakaa kwenye ndoo.

Akasema nisihofu, nikawaze na familia. Wao huwatundikia wateja mfano kwanza, kipande kimoja, bure, wakione jioni kinavyopendeza. Asiyeridhika, wanakuja kukiondoa mwisho wa wiki.

Bure! Mwisho wa wiki! Kichwani mwangu mkawaka kabla ya paani. Kampuni za taa mjini ziko ngapi? Na nyumba ina pande ngapi? Nikamwambia naomba mfano wangu uwe ukingo wote wa mbele. Akatundika kwa vibanio vidogo, bila msumari hata mmoja. Mwanga wa rangi ya asali. Nashukuru Mungu kwa akili aliyonipa, shule iliniachisha mapema lakini akili ilibaki.

Jumatano, tarehe 9 Desemba

Asubuhi kampuni ya pili. Wanaume wawili wanene, wakarimu wa maswali. Hizo taa za paani za nani? Nikasema za mjomba, amezisahau. Wakafunga mfano kwenye nguzo za baraza. Bluu.

Mchana kampuni ya tatu. Mzee mwenye kofia, anayepiga mluzi akifanya kazi. Za nguzoni je? Za mjomba mwingine. Akasema nina ukoo wenye mwanga. Akauzungushia mti wa uani taa nyekundu zinazokonyeza.

Walipoondoka nikachukua plagi zote tatu nikazichomeka kwenye ekstensheni moja ya kinyozini, ile iliyofungwa kwa plasta. Nikaitundika juu chini ya paa, nikaifunika mfuko wa nailoni, mvua isiingie. Nikawasha. Nyumba nzima! Juu asali, katikati bluu, chini inakonyeza. Fundi cherehani wa jirani akaja kuuliza kama tumefungua zahanati au baa. Wivu tu.

Mke wangu akauliza nimelipa na nini. Nikamwambia ashughulikie mambo ya mama yake, ya umeme aniachie mimi.

Alhamisi, tarehe 10 Desemba

Upasuaji umekwenda salama! Mke wangu alipiga simu analia, na mimi nikalia, mteja wangu akiwa nusu kichwa kimenyolewa. Naye akalia, nadhani kwa ajili ya kichwa.

Nikafunga kibanda changu cha kinyozi mapema. Nikafika nyumbani nikamkuta Mama Ngazi uani, anakodolea macho mti unaokonyeza. Alikuwa anapita tu. Akapanda ngazi, akaushika ule mfuko wa nailoni, akaurudisha mkono kama aliyegusa pasi. Umeyeyuka! Akachomoa kila kitu.

Sikujua kwamba mafundi wa taa wote wanajuana. Wanaazimana hata ngazi. Kufumba na kufumbua wale wanene wamefika, na mzee wa mluzi, safari hii bila mluzi. Wakasimama kampuni tatu chini ya ukingo wa paa, wananitazama. Nilifikiria kuruka ukuta lakini nilikuwa nimevaa kandambili. Mmoja wa wale wanene akaniuliza kwa upole, wajomba hawajambo? Mama Ngazi yeye hakunitukana. Alisema tu kwamba baba, taa zingewaka, halafu na mbao zingewaka, na humu anaishi mtu asiye na macho ya kukimbilia. Ningependa zaidi kutukanwa.

Wakafungua taa zao, wakaenda. Nyumba ikabaki kama kichwa changu, kipara kitupu.

Na kesho Mama anarudi! Nikarudi kinyozini nikazing'oa balbu zinazozunguka kioo, nikaazima ngazi ya fundi cherehani, nikapanda mwenyewe. Ngazi ikateleza, ikalala chini. Mimi nikabaki juu ya bati, nimekumbatia balbu.

Aliyenikuta ni nani? Mwanyumba! Alikuja kuchukua nguo za Mama za kubadilisha. Nikamwambia nimepanda kuangalia mandhari. Hakucheka. Bora angecheka. Akaisimamisha ngazi, akaishika kwa mikono miwili, akaniambia mwanyumba, mguu wa kulia kwanza, taratibu. Nilipofika chini nikamweleza yote. Akasikiliza hadi mwisho. Akaenda pembeni kupiga simu.

Ijumaa, tarehe 11 Desemba

Asubuhi gari la Mama Ngazi getini. Nikajificha chooni. Mke wangu akanitoa.

Kumbe fundi aliyekodiwa na mwanyumba ni huyo huyo. Na simu ya jana ilikuwa ya kumwambia zile taa za dukani azilete huku. Zote. Msimu wote. Duka la magodoro litabaki giza, kwenye mtaa ambao hata muuza misumari ameng'arisha mlango. Mwanyumba akaniomba nisimwambie mtu. Nikaapa.

Watu wa kazi hao! Kila waya umenyooka kama mstari wa daftari. Soketi mpya, ya kuzuia mvua. Ekstensheni yangu Mama Ngazi aliishika kwa ncha za vidole, akaizika kwenye pipa.

Jioni Mama akaletwa. Amevaa miwani myeusi! Daktari kasema mwanga mkali ni mwiko, na alilisema hilo tangu mwanzo, mbele yangu, siku niliyokuwa namsimulia nesi kuhusu mitindo ya nywele. Lakini Mama Ngazi akashika kitufe kidogo, akazungusha, taa zote zikashuka, zikashuka, mpaka zikawa kama makaa yanayolala.

Mama akasimama getini, mke wangu kamshika kiwiko. Akainua miwani kidogo. Halafu akanyoosha kidole, akasema lile bati la tatu bado limepinda, alimwambia marehemu alinyooshe, marehemu akamjibu hakuna atakayeliona. Akaanza kulia. Sote tukapiga kelele asijifute, asijifute jicho! Akalia huku mikono kaining'iniza pembeni kama askari.

Kisha akanigeukia. Akanitazama juu, chini, juu. Akauliza nywele zangu zimekwenda wapi.

Halafu akauliza ni nani aliyemfanyia hivi. Mwanyumba akainamia viatu vyake. Nami nilikuwa nimeapa, na kiapo ni kiapo. Nikasema ni mimi, Mama, mwanyumba alinishikia ngazi tu.

Mama Ngazi akakohoa. Mke wangu akafumba macho. Mama akanitazama muda mrefu kwa lile jicho jipya, akasema zamani nikidanganya alikuwa anasikia tu, sasa anaona na masikio yanavyocheza. Akaomba viti viwili barazani. Kimoja chake, kimoja cha mwanyumba. Baadaye akasema na mimi niletewe kigoda.

Jumamosi, tarehe 12 Desemba

Nimeamka na shukrani tele. Namshukuru daktari. Namshukuru Mama Ngazi, asubuhi nimemnyoa mumewe bure na nimemnyoa vizuri. Nawashukuru wale wanene, na mzee wa mluzi, kwa kutoniitia polisi. Mke wangu namshukuru kila siku, ila yeye hapendi kuambiwa akiwa amekasirika.

Jioni nikapita dukani kwa mwanyumba. Kulia taa, kushoto taa, katikati magodoro gizani. Watu wanapita bila kugeuza shingo. Moyo ukaniuma kweli kweli. Huyu mtu hawezi kubaki hivi!

Nimeshapata njia. Upande wa pili wa mji kuna kampuni za taa zisizonijua hata kwa sura. Nimezipigia mbili. Nimesema mimi ndiye mwenye duka la magodoro, nina matawi kila kona, naomba mfano tu, wa mbele, na mwingine wa pembeni. Wanakuja Jumatatu. Suti nitaazima kwa fundi cherehani. Ekstensheni nimenunua nyingine, hii ni ndefu zaidi. Mwanyumba nitamshtukiza, atafurahi sana.

Tena, niliyoandika Jumatatu, kwamba Mama ananipenda mimi kuliko yeye. Si kweli. Anampenda yeye. Haijawahi kuwa vingine, na mimi nalijua hilo tangu harusini. Hata mimi ningemchagua yeye.