Taarifa ya Bia ya Nafaka, Iliyotolewa Mlangoni pa Chumba cha Nyuma

Mheshimiwa Baba Watoto, Bawabu Mstaafu Daraja la Kwanza, mwenye funguo zote za nyumba hii isipokuwa ya kabati la sukari. Mheshimiwa Wifi yangu, Fundi Cherehani Mkuu, mkata vitambaa na mkata watu maneno. Mheshimiwa binti yangu Muuguzi, mpima presha wa ukoo mzima. Mheshimiwa Mkwe wetu Fundi Bomba, ambaye bomba letu la jikoni linamsubiri tangu alipooa. Wajukuu wa ngazi zote, na majirani msioalikwa ambao nawaona hapo juu ya ukuta. Itifaki imezingatiwa, na ambaye hakuzingatiwa asogee mbele azingatiwe. (Makofi. Mkwe anatazama viatu vyake.)

Mimi, Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Bia ya Nafaka, kamati niliyoiunda mwenyewe nayo ikanichagua bila kupingwa, nimesimama hapa mlangoni pa chumba cha nyuma kujibu hoja ya Wifi, anayesema kwamba miezi mitatu imepita, bia hajaiona, na kama leo haoni bia basi chumba hiki apewe yeye aweke cherehani yake, maana imekaa koridoni na kila anayepita anaiachia ngozi ya goti. (Wifi: "Miezi mitatu! Hata harufu!")

Subiri, wifi. Mdomo wako ungekuwa gari ungeshakamatwa kwa mwendo. (Kicheko.)

Ndugu wananchi wa nyumba hii, lazima muelewe kwanza ukubwa wa mradi. Kuna watu huko nje wanapika bia ya kopo: mtu anafungua sharubati nzito iliyotengenezwa na wengine, anamimina maji, anakoroga, kisha anatembea kifua mbele anajiita mpishi. Huyo ni sawa na mtu anayenunua mkate dukani halafu anajipaka unga usoni. Sisi tumekataa! Sisi tunaanza na nafaka yenyewe, shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, wenyewe wanaiita kimea, unaipasua isiwe unga, ipasuke tu kama kisigino changu wakati wa baridi, unailoweka saa nzima kwenye maji ya moto wa nyuzi sitini na saba, unachuja yale maji matamu, unayachemsha na maua machungu yanayoitwa hopsi, unayapoza, unatia hamira, halafu gizani wiki mbili kimya, hakuna kugusa, hakuna kuchungulia. (Mkwe: "Nani anakaa kimya wiki mbili, mama?") Bia, mwanangu. Mimi siwezi.

Sasa mambo haya hayaendi bila upembuzi yakinifu. Neno hili nimelipata redioni na nimelipenda, hata nikichambua mchele siku hizi naupembua yakinifu. Tumefanya vikao kumi na vinne. Tumefanya semina elekezi mbili, ya pili ikavunjika kwa sababu Baba Watoto alilala. (Baba Watoto: "Nilikuwa natafakari.") Ulitafakari kwa kukoroma, mzee wangu, mpaka jirani akafikiri tumenunua jenereta.

Mpango mkakati upo. Miundombinu ipo. Sufuria kubwa ipo, ile niliyoolewa nayo, nyeusi matako kama mimi, inaingia lita ishirini na tano. (Muuguzi: "Mama!") Mama nini, si takwimu? Mkwe wetu aliagizwa kipande cha bomba chenye matundu madogo, kikae chini ya nafaka, maji yapite, makapi yabaki. Akaleta. Matundu yake kidole gumba kinapita. Nikamwambia, baba, hapo tutachuja maembe. (Kicheko kirefu. Mkwe: "Mama, mlisema matundu tu, hamkusema saizi!")

Na upande wa teknolojia, hapa niseme ukweli, tulipata changamoto. Zile nyuzi sitini na saba zinataka kipimo, na binti yangu kwa uzalendo wake akaleta kipimajoto cha zahanati, kile cha kwapani. Mimi kusoma sijui lakini macho ninayo, nikasema tukijaribu kwanza kwenye kikombe cha chai ya Baba Watoto. Kikalia tii, tii, tii, kikazimika, mpaka leo hakijaamka. Kumbe kinaishia homa ya arobaini na mbili! Huyo binti kasomeshwa miaka mitatu, na amejaribu kuwapima wagonjwa wa shayiri kwa kifaa cha watu. (Muuguzi: "Wewe ndiye uliyekitumbukiza!") Serikali yangu hailaumiani, inasonga mbele.

Kwa hiyo nikiulizwa tumefika wapi, natamka mbele ya mashahidi walio ukutani: mradi umekamilika kwa asilimia tisini na tano. Hizo tano zilizobaki ni bia. (Vifijo. Wifi anasimama.)

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami magoti yangu hayainami, ndiyo maana nikaunda kamati. Mnajua jinsi ninavyojitoa. Kila siku saa nane mchana, nyinyi mkiwa kwenye shughuli zenu, mimi naingia humu ndani, najifungia mpaka saa kumi, nasimamia mchakato, peke yangu, bila posho. Nikitoka mnaniona uso umenivimba. Ni kazi hiyo! (Wifi: "Basi fungua mlango tuone hiyo kazi.") Nafika huko, wifi. Naahidi chupa arobaini ifikapo Jumamosi. (Wifi: "Jumamosi ipi? Kaka, lete ufunguo.") Naahidi hamsini! Baba Watoto, keti, ukiwa umestaafu umestaafu! Ndugu wananchi, semeni pamoja nami: Bia ya nafaka! (Wote: "Hoyee!") Makopo! (Wote: "Zii!") Wanaochungulia gizani! (Wajukuu: "Zii!" Baba Watoto amepata ufunguo. Mlango unafunguka.)

Naam.

Kama mnavyojionea waheshimiwa, hicho ni kitanda. Huo ni mto. Hiyo ni shuka yangu ya maua, na hizo ni kandambili. (Mjukuu mmoja: "Bibi, bia iko wapi?")

Nawashukuru sana. Nawashukuru kutoka moyoni, kwa sababu nimezaa sita, nimelea na wa wenzangu, na tangu niolewe sijawahi kulala mchana siku mbili mfululizo bila mtu kugonga, mama chumvi, bibi kojo, mke wangu soksi. Nilipowaambia kuna bia humu na ikisumbuliwa inaharibika, mkawa mnapita hapa kwa ncha za vidole. Miezi mitatu! Shayiri sijawahi kuiona kwa macho, nilisikia habari zake redioni. Ahsanteni kwa ushirikiano. Sasa pigeni kura, anayetaka chumba kiwe cha wifi anyooshe mkono. (Hakuna anayenyoosha mkono. Wifi ameingia ndani. Anabonyeza godoro. Anaketi. "Mh. Na pamepoa humu." Anavua viatu.)

Wifi, hapo ni upande wangu. (Wifi: "Sogea huko. Mgongo wangu una miaka thelathini unashona nguo za watu.")

Waheshimiwa, kamati imepata Makamu Mwenyekiti. Kikao kimeahirishwa. Wa mwisho kutoka arudishe mlango. (Wifi, macho yamefumba: "Na mpunguze kelele! Bia inachacha!")