Ganda la Klachi na Chumba cha Uani

Jumatatu, 4 Machi

Amri imetoka asubuhi, kabla sijamaliza chai. Mke wangu anataka chumba cha uani. Cherehani zake nne zimejazana sebuleni na wateja wa sare za shule wanapimwa wakiwa wamesimama mlangoni. Gari langu lililomo litoke lenyewe, kwa injini yake, kufikia Jumapili. La sivyo, Jumatatu anakuja mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Nikasema sawa, kwa sauti ya mtu mwenye mpango. Sina mpango.

Gari ni la zamani, la michezo, viti viwili, injini nyuma ya viti. Nililinunua likiwa vipande ndani ya makreti kumi na moja, nikaliunga mwenyewe. Miaka saba sasa. Mke wangu huliita mpangaji. Halina upungufu wowote ila giaboksi, ambayo ilisagika meno siku ya kwanza.

Jumanne, 5 Machi

Giaboksi nimepata! Imetoka kwenye gari la aina nyingine, lakini nzima. Tatizo ni ganda la klachi, lile kombe la aluminiamu linaloshikanisha giaboksi na injini. Lina matundu sita ya bolti. Injini yangu nayo ina sita. Yanayokubaliana ni mawili.

Shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa mabasi, amepita eti kusalimia. Akachungulia, akasema anaweza kuja na vifaa vyake, kazi ya siku moja. Nikamshukuru nikakataa. Huyu ndiye aliyewaambia wakwe zangu wote, mezani, kwamba gari langu litastaafu kabla halijaanza kazi. Walicheka mpaka mama mkwe akapaliwa na maji.

Jumatano, 6 Machi

Nimeomba ruhusa kazini, nikasema naumwa mgongo. Baada ya kulala chini ya injini kwa saa tatu, si uongo tena.

Nimechora matundu ya injini kwa vipimo kamili. Miaka ishirini na mbili nachora ramani za mabomba ya maji ya mji huu. Mchoro umetoka safi, ungeweza kutundikwa ukutani. Nimeupeleka kwa mkerezaji wa vyuma pamoja na ganda. Atayaziba matundu ya zamani kwa kulehemu, abandike mchoro wangu juu ya ganda, atoboe mapya.

Akaniuliza mchoro huu unaonekana kutoka upande wa injini au upande wa ganda. Nikamwambia mchoro ni mchoro. Akasema kuuliza si ujinga. Nikamwambia atoboe.

Alhamisi, 7 Machi

Nasubiri ganda. Mke wangu ameingia chumbani na futi yake, akapima ukuta hadi ukuta juu ya gari kana kwamba halipo. Alilalamika kwamba humu ni giza, cherehani zitataka mwanga. Nikamkumbusha kwamba Jumapili haijafika. Akasema anajua, ameizungushia duara kwenye kalenda.

Naogopa, niandike ukweli. Gari likienda nitabaki mtu wa mabomba tu. Nikiwa ndani ya lile gari, hata kama halina giaboksi, mimi ni mtu mwingine.

Ijumaa, 8 Machi

Ganda limerudi. Kazi nzuri, matundu laini. Hayaingiani! Yako kinyume, la kushoto liko kulia.

Nikakaa juu ya kreti, nikaelewa. Injini na ganda hutazamana kama watu wawili. Mkono wa kulia wa huyu uko upande wa kushoto wa yule. Mkerezaji angeuliza vizuri zaidi.

Nilikaribia kumpigia shemeji. Nilishika simu kabisa. Kisha nikapata wazo: nikiipindua giaboksi juu chini, pamoja na ganda lake, kushoto kunakuwa kulia, na matundu ya juu na ya chini yamepangwa sawasawa. Nikaipindua. Bolti zote sita zikaingia kwa vidole! Kitundu cha kupumulia mafuta sasa kiko chini, nimekihamishia juu kwa mpira. Giaboksi haina macho, itajuaje kama imelala chali?

Jumamosi, 9 Machi

Stata, waya, klachi, ekseli, vyote vimefungwa. Injini imewaka! Gari bado liko juu ya magogo, ila nimekanyaga klachi na gia zinaingia zote. Klachi sikuiachia magurudumu yazunguke, kuokoa petroli.

Shemeji amekuja tena, akaomba aangalie chini kabla sijalishusha. Nilikuwa nimeshafunika kwa shuka. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba macho mawili ni bora kuliko jicho moja. Nikamwambia mimi pia ninayo mawili.

Jumapili, 10 Machi

Saa nne asubuhi. Gari chini, pua ikitazama mlango ulio wazi. Nje, mke wangu, mama mkwe juu ya kiti, shemeji kakunja mikono. Nikapunga mkono kidogo. Gia ya kwanza. Nikaachia klachi kwa madaha.

Gari likaenda nyuma.

Nikadhani nimekosea, nikatia ya pili. Likaenda nyuma kwa kasi zaidi. Ukuta wa nyuma ni wa mabati, ulivumilia kidogo, kisha tukatokea upande wa pili, mimi na gari, katikati ya kamba za nguo. Mama mkwe alinyanyuka kuona vizuri.

Shemeji akaeleza bila kucheka, jambo baya zaidi. Giaboksi hii ina difu ndani yake, yale meno yanayozungusha magurudumu. Ukiipindua, magurudumu yanazunguka kinyume. Sasa nina gia nne za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Kisha akatazama lile tundu akasema penye nia pana njia.

Nikamwambia mke wangu kwamba gari limetoka, kwa injini yake, siku ya Jumapili, na amri haikutaja mlango. Akaingia chumbani. Jua lilikuwa limejaa sakafuni.

“Hapo hapo nilitaka dirisha,” akasema.

Jumatatu, 11 Machi

Mnunuzi wa vyuma amekuja, ameondoka na mabati tu. Gari limebaki uani, limefunikwa turubai. Mke wangu ameshaingiza cherehani zote nne na hakuniangalia vibaya hata mara moja.

Shemeji amejitolea kuirudisha giaboksi kama ilivyokuwa na kutoboa ganda upya. Siku moja, anasema, na bure. Nimekataa. Ya nini kusumbua giaboksi inayofanya kazi? Rahisi zaidi ni kugeuza viti, usukani na taa. Mbele ya gari ni mazoea tu.

Shida ni mahali penye paa pa kufanyia kazi. Mke wangu anapeleka sare Alhamisi, atakuwa nje kutwa. Nimepima mlango wa sebule mara mbili. Tukiondoa fremu, linaingia.