Injinia na Vali ya Kisima

Tulieni, enyi mnaojua vita vya mikuki tu, niwasimulie vita vya maji na mchanga alivyopigana Injinia, simba wa kofia ngumu, bwana wa vilindi, ambaye majabali ya chini ya ardhi humtetemekea, ingawa funguo za gari lake mwenyewe humtoroka kila asubuhi.

Kisima kile cha mafuta kilikuwa kimezeeka, kikitoa matone kwa masimango. Wakubwa wakatamka: kisipotiririka kabla ya jua kuzama, kitazibwa kwa saruji, na kikosi kizima kirudi nyumbani kutazamana na wake zao. Ndipo Injinia akapanga majeshi. Pampu zikanguruma, maji yakashuka kwa nguvu ya kupasua mwamba, na mchanga ukafuata kuzishikilia nyufa zisijifunge. Jabali likasalimu amri. Kisima kikaanza kutema maji machafu, dalili njema kabisa kwamba mafuta yako nyuma yake.

Meneja akataka picha ya ushindi, pale pale, na ovaroli yake nyeupe isiyojua doa. Injinia, mja mwenye adabu kwa wakubwa, akaizungusha vali ya mdomo wa kisima, akaufunga, asije mheshimiwa akarushiwa tope. Picha zikatoka nzuri mno.

Kisha wakasubiri mafuta. Tangi likabaki kavu. Jua likateremka bila kumwonea mtu haya.

"Enyi mashujaa wangu!" Injinia akapaza sauti juu ya kreti la soda. "Mwamba huu ni wa ukoo wa wakaidi! Washeni pampu, tuutandike upya!"

"Tutandike nini tena, shemeji?" akauliza fundi pampu, mdogo wa mkewe. "Geji inaonyesha presha imejaa hapa chini ya vali. Mafuta yanabisha hodi."

"Nyamaza! Nilipasua miamba wewe ukifutwa kamasi!"

"Haya. Ila tukifukuzwa, dada utamweleza wewe. Na hii vali, nani kaifunga?"

Injinia akaiona ile ovaroli nyeupe moyoni mwake, akaloa jasho mpaka kwenye soksi. Lakini jabari hakosi neno.

"Shujaa hufunga, shemeji, ili apate cha kufungua."

Akakunja mikono ya shati. Akalishika gurudumu la vali kama ashikaye pembe za nyati, akazungusha kwa nguvu za mababu zake wote.

"Upande wa pili, shemeji."

Akazungusha upande wa pili. Bomba likakohoa, likatema maji, mchanga, na hatimaye mafuta, meusi, mazito, yakamkuta Meneja aliyekuwa amesogea karibu kuona.

"Kimetoa!" akalia Meneja, mweusi kifuani, mwenye furaha. "Mkono ule! Mkono ule umetuokoa!"

Basi tarikhi ikaandikwa kwamba jioni ile mkono mmoja ulizungusha gurudumu, na kisima kikafufuka. Ni mkono wa nani uliolizungusha mara ya kwanza, wakati wa picha, tarikhi haikutaja. Tarikhi nayo ina adabu kwa wakubwa.