Kochi la Mheshimiwa

Jumatatu, 9 Juni

Habari njema! Jana jioni televisheni ilisoma amri ya Rais. Mwakilishi wetu kule Bunge la Juu ameondolewa. Mtu alianza kula ugali akiwa mheshimiwa, akanawa mikono akiwa raia. Masikini. Kiti ki wazi!

Bunge la Juu hakuna kupiga kura. Unateuliwa. Jina lako linasomwa saa mbili usiku na maisha yako yanabadilika. Nimechunguza wanaoteuliwa. Wote ni watu wanaoonekana. Wanaonekana wapi? Kwenye matanga, au bika kama wanavyosema hapa Juba. Waheshimiwa hukaa mbele, kwenye makochi, na maji ya chupa. Sisi wengine tuko nyuma kwenye viti vya plastiki. Mimi nimekuwa mtu wa plastiki tangu nirudi kutoka Nakuru.

Na afadhali plastiki! Kijijini Rejaf kwa baba mkwe, Mzee Loro, napewa bambara, kale kastuli ka kamba, magoti yakigusa kidevu. Nina miaka hamsini na moja. Mzee bado ananiita "mume wa Victoria", utadhani sikupewa jina.

Uamuzi: nitaenda matangani na kochi langu mwenyewe.

Victoria amesema hilo kochi ndilo analopumzikia akitoka kuuza samaki. Nimemweleza kwamba taifa linadai kujitolea. Ameuliza kwa nini taifa halijitolei lenyewe. Mke wangu hana kichwa cha siasa.

Jumatano, 11 Juni

Ushindi! Matanga yalikuwa mtaa wa Buluk. Nilikodi raksha, yaani bajaji, ya Conrad, kijana wa Kiganda anayebeba mizigo sokoni. Alipoona kochi akaniuliza, "Mzee, iko nahama nyumba?" Nikamwambia ndiyo, nahamia mbele.

Tukalishusha kati ya jenerali na askofu. Hakuna aliyeuliza lolote. Hapo ndipo nilipoielewa nchi hii. Ukija na kiti chako, kila mtu hudhani umealikwa na mwingine. Nikaletewa maji, chupa haijafunguliwa!

Binamu yangu Yafesi alikuwa kwenye plastiki, mdomo wazi. Yeye naye anakitaka kiti kile. Amekuwa akikitaka tangu kabla hakijawa wazi, ambayo ni tabia mbaya.

Mwongozaji akamwomba mheshimiwa aseme neno. Kumbe ni mimi! Nikasimulia jinsi marehemu alivyonilea kisiasa hapa Juba kwa miaka mingi. Watu wengine walitazamana. Baadaye Conrad akanieleza kwamba marehemu alikuwa bibi wa kijijini, alifika Juba wiki iliyopita kutibiwa macho. Haidhuru. Nilizungumza vizuri.

La muhimu: Mama Akur alikuwepo. Ndiye anayepeleka majina juu kwa niaba ya chama. Nilimwona akimuuliza jirani yake mimi ni nani.

Ijumaa, 13 Juni

Mwizi! Yafesi amekuja matangani na kochi la watu wawili. Amelikalia peke yake, katikati.

Kisha mvua. Turubai likaanza kuvuja upande wa mbele. Jenerali akarudi nyuma. Askofu akarudi nyuma. Mama Akur aliingia kwa akina mama, Victoria akamfunika kwa kanga yake. Tukabaki wawili. Nikamtazama Yafesi, naye akanitazama. Atakayesimama amekiachia kiti.

Maji yaliingia kwenye kola yakatokea kwenye soksi. Wafiwa waliacha kulia wakawa wanatutazama sisi. Mwishowe Yafesi akapiga chafya tatu akasimama. Nimeshinda!

Kochi limekunywa maji mengi na lina harufu ya mbuzi. Victoria amekaa sakafuni jioni nzima. Anajivunia, nadhani.

Jumatatu, 16 Juni

Mimi! MIMI! Majina yangu yote matatu, televisheni, saa mbili!

Sikumbuki nilivyosimama. Nasikia nilimbusu Harriet, jirani yetu Mganda, na mtungi wake wa gesi. Vigelegele mpaka mtoni. Ndugu walifika kabla habari za michezo hazijaanza, wakiwa na magodoro.

Mama Akur akapiga simu. Nikamuuliza kwa unyenyekevu ni sifa ipi hasa iliyonibeba. Akasema, "Wewe ulikaa kwenye mvua na hukuondoka. Kule juu tunahitaji watu wa kukaa." Mama mwenye busara sana. Akaongeza kwamba kiapo kinaweza kuitwa siku yoyote wiki hii, nisiondoke mjini na nisizime simu. Taratibu za kawaida.

Jumatano, 18 Juni

Suti imekamilika. Mukasa, fundi cherehani wangu, ameongeza mifuko ya ndani kwa ajili ya baadaye.

Nimewaza. Cheo gani hiki ambacho Rejaf haijakiona? Kesho tunakwenda kutoa shukrani. Conrad ataleta raksha zote za wenzake, na kochi litatangulia.

Victoria alisimama mlangoni, kisu cha samaki mkononi. "Robinson, kula kiapo kwanza. Baba yangu yupo, hakimbii. Wale wa juu ndio wanaokimbia."

Nikamwambia hakuna anayemwapisha mtu mwingine kwenye kiti changu, kwani watampata wapi mtu mwingine mwenye jina langu? Amekwenda kupara samaki. Ana wivu kidogo, ni kawaida kwa wake wa viongozi.

Alhamisi, 19 Juni, Rejaf

 Leo ndiyo siku yangu.

Tuliingia kwa ngoma. Ng'ombe dume akaangushwa. Mzee Loro alitoka mwenyewe nyumbani kwake, akaitazama suti yangu kuanzia chini kwenda juu, polepole, kama anayekagua ukuta mpya. Kisha akawaambia vijana walete kiti chake chenye mikono. Chake! Akanishika kiwiko, akanikalisha, akasema, "Karibu, Mheshimiwa."

Nililia. Sioni aibu kuliandika. Victoria akanipa pembe ya kanga nijifute miaka yote ile ya bambara.

Hotuba yangu ilikuwa ndefu na nzuri. Simu ndiyo iliyoharibu. Mama Akur. Kisha Yafesi. Kisha Mama Akur tena. Yafesi sawa, roho inamuuma, lakini mama mzima! Nikaizima. Mheshimiwa hakatizwi akiwa na wananchi wake.

Njia ya kurudi Juba ni tope tupu. Tunalala hapa.

Ijumaa, 20 Juni, bado Rejaf

Tope. Mzee Loro amewasha jenereta ili kijiji kizima kitazame habari. Alisema huenda wataionyesha picha yangu tena. Alinikalisha karibu yake, kwenye kiti kilekile chenye mikono.

Saa mbili. Amri. Mteule ambaye hakufika kuapa jana adhuhuri ameondolewa. Badala yake ameteuliwa Yafesi.

 Jenereta peke yake ndiyo iliyoendelea kusema. Nikatazama miguu yangu. Mikono ya kile kiti ikawa mirefu ghafla, sikujua nifanye nini nayo.

Mzee Loro aliitazama tena suti yangu, safari hii kuanzia juu kwenda chini. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Akageuza kichwa kuelekea jikoni.

"Leteni bambara," akasema. "Mume wa Victoria amechoka kukaa juu."

Jumapili, 22 Juni

Nimerudi Juba. Nyumba ni tulivu, ndugu wameondoka na magodoro yao na moja letu. Victoria amesema Yafesi alinipigia Alhamisi kunieleza kwamba watu wanaapishwa na jina langu linaitwa. Sisadiki. Kama alitaka nisikie, angekuja Rejaf.

Nimekaa nikatafakari kwa kina. Kosa liko wazi: suti ilikuwa nyeusi, Rejaf walinidhania mchungaji. Mukasa ataanza ya kijivu kesho.

Na zaidi ya hapo, hakuna awezaye kufuta kilichosomwa. Nilikuwa Mheshimiwa. Kwa hiyo sasa mimi ni Mheshimiwa Mstaafu, na mstaafu hukaa mbele. Kesho kuna matanga mtaa wa Juba Na Bari. Nitakaa kulia kwa Yafesi, juu yake kidogo. Nimemwomba Conrad atafute matofali ya kuinulia kochi.

Victoria amelala juu ya kochi na amekataa kuondoka. Amesema safari hii taifa litafute pengine pa kukaa. Nitamwambia Conrad aje na mwenzake, walibebe naye akiwa juu. Akiamka atajikuta mstari wa mbele, na atanishukuru.

Simu inalia tangu nilipoanza kuandika. Mama Akur. Ameshapiga mara nyingi, kama Alhamisi ile. Bila shaka anataka kuomba radhi, lakini niko katikati ya hotuba ya kesho.

Nimeizima. Asubiri kidogo, ajue anazungumza na nani.