Kofia ya Nahodha na Boti ya Ng'ombe

Jumatatu, 3 Juni 1957
Nahodha wa boti inayovusha ng'ombe ziwani amestaafu! Wa kwanza kuulizwa kama anaitaka nafasi yake ni mimi Kadiri, msaidizi wa nahodha mwenye miaka mingi kuliko wasaidizi wote wa kampuni. Miaka kumi na mmoja! Nimeomba siku tatu za kufikiri. Karani akauliza za kufikiri nini. Mutu gani huyu! Kwetu mwenye miaka mingi katika cheo chake huchagua safari kwanza. Mi huchagua Kibuye, safari fupi. Alasiri niko kwangu Mbugangari, nanywa chai. Ijumaa msikitini, Jumapili mpirani. Nikiwa nahodha leo, nitakuwa wa mwisho kati ya manahodha. Wa mwisho, tena na ng'ombe.
Lakini ile kofia! Ina utepe wa dhahabu.

Jumanne, 4 Juni
Mke wangu Saidati anataka nichukue kofia. Mume wa jirani Mukarugwiza anavaa kofia ya posta, na kwa majivuno ya mkewe mtaa mzima haupumui. Nikamwambia kofia bila usingizi ni kazi bure. Akasema usingizi ninao wa kutosha. Ana maneno huyu mwanamke!

Jumatano, 5 Juni
Habari mbaya. Nikikataa, anaulizwa Mbonigaba, msaidizi anayenifuata. Mbonigaba niliyemfundisha mwenyewe kufunga kamba! Nimpigie saluti? Thubutu!
Bon, nimepata akili. Nitakataa, na yeye nitamfanya akatae. Nimemwalika chai na mandazi, nikamweleza ubovu wote wa boti ile. Ninaijua. Nilikaa humo miaka miwili, maana nahodha mpya hujichagulia msaidizi, na ukichaguliwa hukatai. Injini huzimika karibu na kisiwa cha Ijwi. Ili iwake, pampu hupigwa nyundo mara mbili, upande wa kushoto. Fahali husimama katikati, la sivyo boti inalala ubavu. Mbonigaba alisikiliza mdomo wazi, ndiyo mzee, ndiyo mzee. Ya pampu aliomba nirudie. Nilimwonea huruma kidogo.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekataa mbele ya karani, kwa heshima zote. Mbonigaba akaitwa. Amekubali! Hata swali halijaisha! Saidati hajatia sukari kwenye chai yangu.

Ijumaa, 7 Juni
Nimetulia. Acha avae kofia, mavi ya ng'ombe yatamfundisha. Nimecheka peke yangu njia nzima ya msikitini. Watu wamenitazama.

Jumamosi, 8 Juni
Yebabawe! Nahodha mpya hujichagulia msaidizi! Nimeandika mwenyewe hapa Jumatano! Mbonigaba amenichagua mimi. Amesema mbele ya watu wote kwamba hakuna anayeijua boti ile kama mzee Kadiri, alimweleza kila kitu na mandazi akamnunulia. Watu wamepiga makofi. Kofia inamkaa vizuri, shetani yule.

Jumatano, 12 Juni
Mpira wa Jumapili nimeukosa. Fahali amenikanyaga mguu. Karibu na Ijwi injini ikazimika. Mbonigaba akasema taratibu: mzee, pampu. Nikapiga mara mbili, kushoto. Ikawaka. Nikampigia saluti. Akasema baba yangu, usijisumbue na saluti. Hapo ndipo nilipoumia hasa.

Jumatatu, 17 Juni
Nafasi nyingine! Boti ya makaa inataka nahodha, na wa kwanza kuulizwa ni mimi. Haki yangu! Mbonigaba amenisihi nikubali, eti kofia ni yangu tangu zamani. Aha! Anataka nishuke kutoka juu ya orodha ya wasaidizi, nikawe wa mwisho huko kwa manahodha. Mi si mjinga. Nimekataa. Saidati amehamia kwa dada yake mpaka akili inirudie, amesema hivyo.
Sasa ataulizwa Munyaneza, msaidizi anayenifuata, mtu mpole. Donc, basi, lazima naye akatae. Nimemwalika chai na mandazi, nikamweleza ubovu wote wa boti ya makaa. Nilikaa humo mwaka mzima, ninaijua. Amesikiliza vizuri sana. Ya usukani ameomba nirudie.