Mjerumani Wangu na Mjerumani wa Tadeo

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimechoka. Tangu asubuhi napiga kiki, Mjerumani hajakohoa hata mara moja. Pikipiki hii iliundwa kabla babu yangu hajaoa, na naona imeamua kustaafu mikononi mwangu. Ijumaa, sikukuu ya Nane Nane, nashindana na Tadeo wa Nguvumali, mwenye ya aina hiyo hiyo. Spea tulizo nazo wote wawili zinatosha pikipiki moja tu nzima. Kwa hiyo tumepatana: atakayeshindwa, yake ing'olewe vyuma. Mke wangu Sabra anaomba nishindwe. Anaitaka sebule yake, ninamoilaza pikipiki.

Ila nina mpango. Nimemwambia Tadeo kuna fundi Horohoro, mpakani, ana spea za Kijerumani tele. Fundi huyo nimemtunga mwenyewe, hadi mguu mbovu nimempa. Tadeo akienda na kurudi, pikipiki yake itakuwa hoi.

Jumatano, 6 Agosti

Fundi yupo. Hachechemei, lakini yupo, na spea anazo. Pikipiki ya Tadeo sasa inanguruma vizuri mno. Amekuja hadi kwangu Chumbageni kunishukuru, na zawadi juu: waya mpya wa breki. Nani humpa mpinzani wake breki? Nimekataa kuufunga. Sabra kauchukua, kaanikia nguo.

Jioni, pikipiki yangu nayo imewaka. Kwa hasira, nadhani.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumeshindana asubuhi, barabara ya vumbi kwenye shamba la mkonge, upande wa Pongwe. Nilitangulia. Naandika tena: nilitangulia. Kwenye kona nikakanyaga breki, waya wangu mkuukuu ukakatika, nikaingia kwenye mkonge. Anayedhani mkonge ni kamba tu hajauingia kwa kasi.

Tadeo angeweza kupita. Akasimama, akanivuta miguu.

"Nasri, ule waya hukuufunga?"

Nikamwambia niliutunza. Akapanda yake, akamaliza polepole, akiwapungia watu mkono.

Hotuba ya Ijumaa nimeisikiliza nimesimama. Kukaa siwezi.

Jumapili, 10 Agosti

Tadeo na mkewe Devota wamekuja wakitoka kanisani. Nikajua amefuata vyuma vyake. Kumbe hapana. Amesema ni dhambi kumchinja mzee kama huyu. Tuziunganishe zote mbili ziwe moja, tuiendeshe kwa zamu, na zamu ya kwanza iwe yangu. Sabra akajifuta machozi. Nami nikamkumbatia Tadeo mbele ya watu wote.

Mtu mwema kiasi hiki lazima ana jambo.

Nimesikia Muheza kuna mjane ana Mjerumani mwingine bandani, kuku wanatagia juu yake. Kesho namfuata kabla Tadeo hajanusa. Nimemwambia Sabra naenda msibani. Akauliza nani kafariki. Nimemjibu nitajua nikifika.